Tafakari Isiyoweza Kuhamishiwa Siku Nyingine: Mwongozo wa Kuandaa Tafakari ya Masomo ya Misa na Siku za Watakatifu

Tafakari nyingi zinazosomwa alfajiri kwenye jumuiya, au kutumwa kwa sauti kwenye makundi ya WhatsApp ya parokia, zina kasoro moja: ukibadilisha tarehe hakuna atakayegundua. Mungu anatupenda, tusikate tamaa, tusali bila kuchoka, tusameheane. Yote ni kweli. Lakini Kanisa limetupa zaidi ya hayo. Limetupa somo la Jumanne hii na zaburi ya Jumanne hii, na mara nyingi limetupa pia mtu mmoja aliyeishi na kufa katika imani, ambaye jina lake linatajwa leo na halitatajwa kesho. Tafakari inayoyapita hayo yote na kusema mambo ya jumla inawanyima watu chakula kilichokwisha kuandaliwa.

Mwongozo huu ni wa katekista, mwenyekiti wa jumuiya, mama wa WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) aliyepangiwa zamu, kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki), na mzazi anayesali na watoto kabla ya kulala. Lengo ni tafakari ya dakika tatu au nne iliyo mali ya siku yake. Mpaka mmoja uwe wazi tangu mwanzo: homilia, yaani mahubiri ndani ya Misa, ni ya askofu, padre au shemasi, na sheria ya Kanisa, kanuni ya 767, inasema hivyo. Tunachozungumzia hapa ni tafakari ya jumuiya ndogo ndogo, ya familia, ya shule, au ya mkutano wa chama cha kitume.

Hatua ya 1: Ijue siku

Fungua kalenda ya liturujia kabla ya kufungua Biblia. Utatafuta mambo matatu: kipindi, daraja la siku, na mwaka wa masomo.

Kipindi ndicho kinachokupa sauti ya kusemea. Majilio ni kungoja, Kwaresima ni kurudi, na siku hamsini za Pasaka ni furaha. Inasikitisha kusikia tafakari za juma la tatu la Pasaka bado zinakemea kana kwamba majivu hayajafutika kwenye paji la uso. Katika Pasaka, somo la kwanza la kila siku hutoka Matendo ya Mitume, na Injili karibu zote ni za Yohane. Kanisa linataka tuwatazame watu waliobadilishwa na ufufuko, basi tafakari nayo iwatazame.

Daraja la siku linaamua uzito wa mtakatifu. Juu kabisa ziko Sherehe, kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, Petro na Paulo 29 Juni, Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria 15 Agosti na Watakatifu Wote 1 Novemba. Hizi zina masomo yake. Chini yake ziko Sikukuu, kama za mitume, na ya Maria Magdalena tarehe 22 Julai, ambayo Papa Fransisko aliipandisha kutoka Kumbukumbu mwaka 2016. Sikukuu nazo zina masomo yake. Kisha zinakuja Kumbukumbu, za lazima na za hiari, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Siku ya Kumbukumbu, kwa kawaida masomo yanabaki yale yale ya juma. Mtakatifu anaingia katika sala za Misa, lakini Injili haikuchaguliwa kwa ajili yake. Kumbukumbu chache tu zina Injili yake maalumu, kwa mfano Marta, Maria na Lazaro tarehe 29 Julai, au kifodini cha Yohane Mbatizaji tarehe 29 Agosti.

Tazama pia kama siku imegongana na nyingine. Kumbukumbu ikiangukia Jumapili, mwaka huo haiadhimishwi. Ndivyo ilivyo kwa Mtakatifu Yosefina Bakhita mwaka 2026: tarehe 8 Februari ni Jumapili ya tano ya kipindi cha kawaida, yaani majuma yaliyo nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka. Unaweza kumtaja, lakini siku ni ya Bwana. Ndani ya Kwaresima, Kumbukumbu zote zinakuwa za hiari na zinapungua hadi sala moja tu. Hilo huwapata karibu kila mwaka Perpetua na Felisita, wafiadini wa Karthago, ambao siku yao ni 7 Machi.

Kuhusu mwaka wa masomo, hesabu ni nyepesi. Jumapili zina mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A husoma zaidi Matayo, B Marko, C Luka. Mwaka unaogawanyika kwa tatu bila kubakiza ni Mwaka C, kwa hiyo 2025 ulikuwa C, 2026 ni A, na 2027 utakuwa B. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza na Majilio ya mwaka uliotangulia. Siku za juma katika kipindi cha kawaida, somo la kwanza lina mizunguko miwili: Mwaka I kwa miaka witiri (isiyogawanyika kwa mbili) na Mwaka II kwa miaka shufwa (inayogawanyika kwa mbili). Injili za siku hizo ni zile zile kila mwaka: Marko kuanzia juma la 1 hadi la 9, Matayo kuanzia la 10 hadi la 21, Luka kuanzia la 22 hadi la 34. Ukilijua hili, utajua kwamba unapotafakari Luka mwezi Oktoba, wasikilizaji wako wamekuwa njiani na Luka kwa wiki kadhaa, na unaweza kuwakumbusha walikotoka.

Hakikisha pia Biblia unayotumia ina vitabu 73. Siku zitakuja ambapo somo la kwanza ni Tobiti, Hekima, Yoshua bin Sira au Wamakabayo, na katekista mwenye Biblia ya vitabu 66 atabaki akipekua bure. Kwa zaburi, usishangae namba zikitofautiana kwa moja kati ya Biblia yako na kitabu cha liturujia. Hesabu za zamani za Kigiriki na za Kiebrania zinaachana kuanzia Zaburi ya 9.

Hatua ya 2: Soma usiku wa kuamkia, kwa sauti, na upite mipaka ya somo

Usisubiri asubuhi. Somo linalosomwa usiku linalala nawe, na asubuhi linaamka likiwa na maswali. Lisome kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani, kwa sababu maandiko haya yaliandikwa yasikilizwe, na sikio linakamata marudio ambayo jicho linaruka.

Kisha fanya jambo ambalo ndilo siri ya tafakari nyingi nzuri: soma aya kumi zinazotangulia somo na aya kumi zinazolifuata. Masomo ya Misa yamekatwa ili yatoshe, na mara nyingine aya zimerukwa katikati. Ukiona imeandikwa «1-3, 6-12», nenda ukasome aya ya 4 na ya 5. Mfano mzuri ni ile Jumapili ya 8 Februari 2026. Somo la kwanza ni Isaya 58:7-10, juu ya kuwagawia wenye njaa mkate. Rudi aya moja tu nyuma, kwenye 58:6, na utakuta Mungu akisema ni saumu ya namna gani aliyoichagua: kufungua vifungo vya uovu, kuwaacha huru walioonewa. Na siku hiyo ni tarehe ya Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akaja kuwa huru Italia, akaingia utawa wa Wakanosa na kufa huko Schio mwaka 1947. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Aya moja iliyoachwa nje ya somo inamfungulia Bakhita mlango, na husomi neno lolote kwa nguvu.

Siku za juma, soma pia somo la jana. Kitabu kimoja hufuatwa kwa siku nyingi mfululizo, na barua ya Paulo isiyojulikana ilikoanzia ni sauti ya mtu anayezungumza kwa simu ukiwa umeingia chumbani katikati ya mazungumzo.

Hatua ya 3: Tafuta mahali panapokukwamisha

Karne ya 12, mmonaki Mkartusi aitwaye Guigo wa Pili aliandika juu ya ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Ngazi hiyo bado ni njia salama kuliko zote. Watu wengi wanaopewa zamu ya tafakari wanaruka kutoka kidato cha kwanza hadi kwenye kuzungumza. Wamesoma, sasa wanasema. Kilicho katikati kimeachwa, na ndicho kinachomfanya msikilizaji ajue kwamba mtu huyu amekaa na Neno.

Kutafakari hapa ni kazi ya kuuliza. Nani anasema, na anamwambia nani? Ni nani amekaa kimya katika tukio hili? Kitu gani kimebadilika kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho? Ni neno gani lingeweza kuondolewa na mwandishi hakuliondoa? Katika Injili ya Marko, Yesu alipowalisha watu elfu tano, mwandishi anataja kwamba majani yalikuwa mabichi. Kwa nini anatuambia? Kumbuka Zaburi ya mchungaji anayelaza kondoo wake kwenye malisho ya majani mabichi, na kumbuka kwamba aya chache nyuma Yesu amewahurumia watu kwa sababu walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji. Swali dogo juu ya majani limekupa tafakari nzima.

Usiogope somo gumu. Likikuudhi, usilipake asali. Yesu akimwambia mtu awaache wafu wazike wafu wao, katika jamii yetu ambako msiba ni wa wote na kutohudhuria mazishi ni kosa zito, anza hapo hapo. Sema kwamba neno hili linatuumiza, kisha chimba.

Na jiulize wewe kwanza. Katika wosia wake wa kitume Furaha ya Injili wa mwaka 2013, Papa Fransisko aliwaonya wahubiri juu ya jaribu la kuwaza mara moja andiko linawahusu wengine vipi, huku mhubiri mwenyewe akilikwepa. Ukijikuta unasoma Injili na jina la jirani yako linakujia kichwani, simama. Tafakari hiyo bado haijaiva.

Hatua ya 4: Usiunganishe kisichounganishwa

Jumapili, somo la kwanza na Injili vimechaguliwa vikutane, na kazi yako ni kutafuta vinapokutana. Ukishindwa, soma wimbo wa katikati, yaani zaburi inayofuata somo la kwanza. Mara nyingi kiitikio chake ndicho daraja. Somo la pili la Jumapili za kawaida ni habari nyingine: linafuata barua yake lenyewe, juma kwa juma, na halikuchaguliwa lilingane na Injili. Usilivute kwa kamba.

Siku za juma katika kipindi cha kawaida ni vivyo hivyo. Somo la kwanza lina safari yake na Injili ina yake. Wakati mwingine zinakutana kwa uzuri wa kushangaza, na hapo mshukuru Mungu na ulitumie. Zisipokutana, chagua moja. Mtu atakayekulaumu kwa kuacha Injili na kukaa na nabii Amosi siku moja hayupo, na kama yupo, mwambie kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963 uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi ili waamini walishwe kwenye meza ya Neno. Amosi yumo mezani.

Hatua ya 5: Mwite mtakatifu awe shahidi

Tafakari ya siku ya mtakatifu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni wasifu mtupu: alizaliwa mwaka huu, wazazi wake walikuwa matajiri, akaingia shirika fulani, akafa, akatangazwa, tuige mfano wake. Ya pili ni somo kusahauliwa kabisa. Dawa ni moja. Mtakatifu aingie pale ambapo somo limekwisha kusema jambo, na aonyeshe kwamba mtu mwenye mwili na damu aliwahi kuliishi jambo hilo. Anza na Neno, kisha mwite shahidi.

Kutoka maisha yake chukua tukio moja. Monika, 27 Agosti, alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi. Mama mwenye kijana aliyepotelea kwenye pombe hahitaji kusikia orodha ya fadhila zake, anahitaji kujua kwamba Monika alimfuata mwanawe kwa meli hadi Italia. Perpetua aliandika mwenyewe habari za kifungo chake, mwaka 203, akiwa na mtoto anayenyonya. Felisita, aliyefungwa pamoja naye, alijifungua gerezani. Ukiwa na mambo kama haya, huna haja ya kuongeza chumvi.

Hakikisha ukweli. Daima uliza: tarehe hii ni ya nini? Kwa kawaida ni siku ya kifo, ambayo Kanisa huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa mbinguni, lakini sivyo kila mara. Tarehe 22 Oktoba ya Yohane Paulo II ni siku aliyoanza rasmi utume wake wa upapa mwaka 1978, na 11 Oktoba ya Yohane XXIII ni siku ulipofunguliwa Mtaguso mwaka 1962. Uliza pia daraja lake katika njia ya utakatifu. Anuarite Nengapeta, mtawa wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Irene Stefani, mmisionari Mkonsolata ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, ni wenye heri. Julius Nyerere ni Mtumishi wa Mungu, na jimbo la Musoma lilifungua mchakato wake mwaka 2005. Kuwaita watakatifu kabla Kanisa halijasema hakuwaongezei heshima.

Kosa linalorudiwa kila mwaka Afrika Mashariki ni kusema kwamba Mashahidi wote 22 Wakatoliki wa Uganda walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa wa kwanza, tarehe 15 Novemba 1885. Wengine waliuawa mahali mbalimbali mwishoni mwa Mei 1886, na Yohane Maria Muzeyi aliuawa Januari 1887. Tarehe 3 Juni 1886, iliyokuwa siku ya Kupaa Bwana, ndiyo ya Karoli Lwanga na wale waliochomwa pamoja naye. Kila mmoja wa hawa 22 ana njia yake, na ukiwachanganya kwenye moto mmoja unawapoteza.

Msimamizi wa jumuiya yako naye asikuponyoke. Jumuiya ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri ambayo haijui kwamba 3 Desemba ni siku yake inabeba jina kama kibao cha barabarani.

Hatua ya 6: Andika

Andika, hata kama unakusudia kusema bila karatasi. Maneno 300 hivi yanasomeka kwa utulivu katika dakika tatu, na hiyo inatosha. Anza ndani ya somo moja kwa moja. Salamu ndefu, kujitambulisha na «leo Mama Kanisa anatualika kutafakari» vinakula dakika ya kwanza, ambayo ndiyo watu wanasikiliza zaidi. Shika wazo moja. Malizia kwa tendo ambalo mtu anaweza kulifanya kabla ya jua kutua, au kwa swali, kisha sala fupi ya sentensi mbili inayotumia maneno ya somo lenyewe.

Chukua mfano wa Jumatano, 3 Juni 2026, Kumbukumbu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake. Ni juma la 9, Mwaka II. Masomo ya juma ni 2 Timoteo 1:1-3, 6-12, Zaburi 123, na Marko 12:18-27. Uganda, ambako siku hii ni kubwa zaidi na ni sikukuu ya taifa, husomwa masomo ya mashahidi wenyewe, kwa hiyo tazama kalenda ya nchi yako kwanza. Kwa anayefuata masomo ya juma, tafakari inaweza kuwa hivi:

«Paulo anaandika akiwa amefungwa. Anayemwandikia ni Timoteo, kijana aliyemlea katika imani, na inaonekana kijana huyu ameanza kuona aibu kuwa mwanafunzi wa mfungwa. Paulo anamwambia: Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Katika aya ambazo hatukuzisoma leo anamkumbusha imani hiyo ilikotoka: kwa bibi yake Loisi, na kwa mama yake Eunike.

Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga alijua kwamba hasira ya Kabaka Mwanga itawafikia yeye na vijana wa ikulu aliokuwa akiwalinda. Usiku ule aliwabatiza wakatekumeni aliokuwa akiwafundisha. Mmoja wao alikuwa Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Tunamwona Karoli kwenye picha za kanisani tukadhani alikuwa mkongwe wa imani. Alikuwa amebatizwa miezi sita tu kabla. Timoteo alikuwa na Loisi na Eunike. Kizito alikuwa na Karoli, Mkristo wa miezi sita, naye hakusema, ‹Mimi bado mchanga, atafutwe mwingine.›

Katika jumuiya hii tuna watu wenye miaka arobaini ya ubatizo wanaosema hawajui kufundisha watoto sala. Leo, kabla hatujalala, kila mmoja wetu amtafute mtoto mmoja wa nyumba yake na asali naye Baba Yetu polepole, akimweleza sentensi moja tu.

Masadukayo wa Injili hawakuamini ufufuko. Wangesimama Namugongo jioni ya tarehe 3 Juni wangeona majivu. Yesu anawajibu: Yeye si Mungu wa wafu, bali wa walio hai.

Tuombe. Bwana, tumekuinulia macho yetu. Utuondolee roho ya woga, na imani uliyotupa kwa mikono ya wengine ifike kwa wengine kwa mikono yetu. Amina.»

Tazama kilichoachwa nje. Kutangazwa kwao watakatifu na Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 hakumo, ingawa ni habari kubwa. Wenzao Waanglikana waliouawa katika dhuluma ile ile nao hawamo, na hilo linauma kuliacha. Kama jumuiya yako ina familia za ndoa mseto, ningekushauri ubadilishe wazo lote na kuandika juu ya hao, kwa sababu Paulo VI mwenyewe aliwakumbuka siku hiyo ya 1964. Lakini tafakari moja haibebi mawazo mawili. Kilichobaki kiweke kwa ajili ya mwaka ujao.

Angalia pia kwamba Injili imepewa sentensi tatu tu, na habari za mjane wa ndugu saba hazikuguswa. Somo la kwanza ndilo lililokutana na mashahidi kwa karibu zaidi, basi likapewa nafasi.

Hatua ya 7: Mbele ya watu

Somo lisomwe kutoka Biblia, na mtu aliyeandaliwa. Si sawa kumkabidhi Biblia dakika ile ile mzee asiyeona vizuri, akahangaika na majina mbele ya watu. Baada ya somo kaa kimya muda wa kusali Salamu Maria moja. Kimya hicho kitawasumbua wasiokizoea kwa wiki mbili, kisha watakidai wenyewe.

Baada ya tafakari, wape watu nafasi ya kusema neno lililowagusa. Jumuiya nyingi zinafanya hivi kwa njia ya hatua saba, ambapo kila mmoja anarudia kwa sauti neno au sentensi ya Injili kabla ya mtu yeyote kueleza. Ilindeni hatua hiyo isimezwe na mtu mmoja mwenye maneno mengi. Bibi asiyejua kusoma, akirudia tu «si Mungu wa wafu» kwa sauti yake, amechangia sawasawa na katekista.

Siri za watu zisiingie. Ukijua kwamba fulani amegombana na mkewe, na somo ni la ndoa, chagua mfano wa mbali kabisa. Jumuiya ni ndogo na kila mtu anajua unamsema nani. Wakati kuna msiba, soma masomo ya siku hata hivyo, lakini fupisha tafakari hadi nusu na uwaachie waliofiwa zaburi. Kwa watoto, acha maelezo ya mateso ya mashahidi yasiyo ya lazima. Mtoto atamkumbuka Kizito kwa umri wake, haina haja aote ndoto za moto.

Kwa ujumbe wa sauti, rekodi mahali pasipo na upepo, taja tarehe na masomo mwanzoni ili anayesikiliza saa tano usiku ajue ni ya siku gani, na usizidi dakika nne. Kama unatuma maandishi, weka aya za Biblia kwa namba ili watu wafungue vitabu vyao, wasiishie kusoma maneno yako.

Daftari

Nunua daftari gumu lenye kurasa za kutosha, na kila tafakari iandikie juu: tarehe, juma la liturujia, mwaka (A, B au C, na I au II), masomo, mtakatifu. Chini yake acha mistari mitatu mitupu ya kuandika walichosema watu jioni ile, kwa sababu mara nyingi neno bora la siku linatoka kwao. Masomo ya Jumapili yatarudi baada ya miaka mitatu, somo la kwanza la siku za juma katika kipindi cha kawaida baada ya miwili, na mtakatifu atarudi mwaka ujao akiwa na somo jingine pembeni yake. Hapo utaona kwamba Karoli Lwanga aliyekaa karibu na Timoteo mwaka 2026 atakaa karibu na mtu mwingine mwaka 2027, na atasema jambo ambalo hukulisikia.

Zamu zipangwe kwa mwezi mzima, watu wawili wawili, mmoja anayejua na mmoja anayejifunza. Jumapili ya kwanza ya Majilio, 29 Novemba 2026, mnaingia Mwaka B kwa Jumapili na Mwaka I kwa siku za juma. Wiki moja kabla, kaeni na kalenda mpya, mtie alama siku ya msimamizi wa jumuiya, siku za watakatifu wa Afrika, na zile zinazogongana na Jumapili, kisha mgawane zamu za Desemba.